Spika Ndani ya Mtungi wa Mama

Harufu ndiyo iliyonipandisha hasira. Mwanangu wa mwisho, ambaye sasa ana mke na nyumba yake, aliniita Jumapili nikaione sebule yao mpya. Kumbe kilichokuwa kipya hasa ni mashine ya santuri. Ndiyo, santuri, zile sahani nyeusi ambazo rika letu tulizitupa jalalani, vijana sasa wanazisaka kama dawa. Akanieleza kwa furaha kwamba amebadilisha sindano, amebadilisha ampilifaya na kutafuta ya kizamani yenye valvu, zile taa za kioo za ndani, na mwezi ujao anabadilisha spika kwa sababu hizi hazina nguvu. Akaiwasha. Vumbi lililolala juu ya valvu likaanza kuungua, na harufu yake ikanifikia kabla ya muziki. Nikamwambia zima. Akacheka, akadhani mama anatania. Nikamwambia uzime au natoka. Akachelewa, nikatoka.

Mkwe wangu alinifuata barazani na glasi ya maji, maskini, akidhani presha imepanda. Haikuwa presha. Ilikuwa hasira, na hasira yenyewe ina umri mkubwa kuliko mume wake. Nyinyi mliokulia kwenye mashamba ya mkonge mtanielewa upesi. Wengine nivumilieni.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa Mazinde, ndani ya shamba la mkonge, kwenye safu ya nyumba za matofali walizopewa mafundi. Baba alikuwa Mzigua wa Handeni, mama Mshambaa wa Kwashemshi, na nyumbani tulisema Kiswahili ili pasiwe na wa kulalamika. Baba alikuwa fundi wa korona. Korona ni ile mashine inayoyaponda majani ya mkonge na kuyachuna mpaka zibaki singa nyeupe za kuanika. Ilikuwa kubwa kama nyumba mbili zilizounganishwa, na kelele yake hatukuihesabu kuwa kelele. Ilikuwapo tu, kama jua. Ilipozimwa Jumapili ndipo watoto tulipobaki tumeduwaa tukiangaliana, tusijue kwa nini ghafla tunasikia kuku. Baba alisimama pembeni ya kelele hiyo tangu alfajiri mpaka mchana, miaka nenda rudi. Alirudi ananuka ile chachu ya maji ya mkonge, harufu ambayo sabuni haiitoi, akaoga, akala, kisha akaketi mbele ya muziki wake.

Mwanzo tulikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Mimi ndiye niliyeizungusha, na nilijiona mtu muhimu sana, kwa sababu nilipochoka waimbaji nao walichoka, sauti zao zikawa nzito na kuzubaa mpaka baba anitazame. Baadaye akanunua Korogwe mashine ya betri, nyekundu, yenye kifuniko ambacho ndani yake mlikuwa na spika ndogo. Tukafurahi. Baada ya muda akasema haina sauti. Mama akamwambia sauti inatosha, majirani wote wanaisikia. Baba akasema haina sauti.

Kisha mashamba yakachukuliwa na umma. Nakumbuka mkutano ule uwanjani, mgeni kutoka mjini amesimama juu ya trela, akituambia kwamba kuanzia leo shamba hili ni letu sisi wenyewe. Watu walipiga makofi mpaka mikono ikauma. Mimi nilielewa alivyosema hasa. Kesho yake nikaenda nikachagua mistari yangu mitatu ya mkonge karibu na reli, nikawakataza wenzangu wasiguse. Leo nikikumbuka sicheki. Wakubwa nao walikuwa wamechagua mistari yao kichwani, kila mtu kwa namna yake, na walikuja kunyang'anywa bila hata kuambiwa.

Meneja wa zamani alipoondoka, vitu vya klabu yao vikauzwa pale pale barazani. Wengine walinunua viti, wengine sahani. Baba alirudi na ampilifaya yenye valvu, mashine ya kuchezea santuri, na spika moja pana kama ungo, ikiwa tupu, bila sanduku lake. Nyumba zetu zilipata umeme wa injini ya kiwanda tangu machweo mpaka saa tatu, na saa zile zikawa za baba. Aliiwasha, tukasubiri valvu ziwe nyekundu, vumbi likaungua, ikatoka ile harufu. Halafu muziki wa dansi ukatupiga kifuani. Nilidhani tumepanda cheo. Nilidhani kelele ndiyo utajiri, kwamba wenye nyumba za kimya ni wale wasiokuwa na kitu.

Lakini yeye hakuridhika. Seremala wa Mombo alimtengenezea sanduku la mninga, akalikataa, akasema muziki unalia juu juu, hauna tumbo. Akabadilisha sindano. Akabadilisha nyaya. Akaivuta spika mpaka karibu na kiti chake na kuketi goti limeigusa, kiganja kimetulia juu ya ubao, kama anapima homa ya mtoto. Niliona wivu. Mimi kiganja kile nilikuwa nakipata kichwani kwa nadra, na nilipomwita kwa nyuma, "Baba," hakugeuka. Nikiita tena hakugeuka. Nikaamua kwamba baba amekuwa na kiburi, kwamba sasa anajibu wanaomjia kwa adabu mbele ya uso tu. Basi nikawa nazunguka, nasimama mbele yake, ndipo naanza kusema. Hapo alijibu vizuri, hata kwa utani. Majirani nao wakaanza kusema ni kiburi. Mtu unampita njiani, unampa shikamoo yake, anakwenda zake kimya. Kwetu hilo si jambo dogo. Kuona amesemwa, akageuka upande wa pili: akawa anaitikia marahaba kila aliposikia mvumo wowote wa sauti, hata wa watu waliokuwa wakizungumza mambo yao wenyewe.

Sasa huo mtungi. Mama alikuja kuolewa na mtungi mkubwa wa maji uliofinyangwa na bibi, mama yake mzazi. Kwashemshi bibi alikuwa mfinyanzi, na ufinyanzi kwao ni kazi ya wanawake peke yao. Vyungu vikichomwa, mwanamume hapiti hata njia ile. Mtungi ulikaa jikoni, umezama kidogo kwenye mchanga, mweusi, maji yake baridi na yenye ladha ya udongo. Fundi redio mmoja wa Korogwe, Mungu amsamehe kama bado yupo, alimwambia baba kwamba spika pana kama ile inataka kitu cha duara, kinene, kisichotikisika, nao udongo unapita mbao. Siku mama alipokwenda sokoni Mombo, baba aliumwaga maji, akaukausha juani, akautoboa kitako kwa msumari na nyundo, taratibu, ili hewa ipate pa kutokea, akaiketisha spika mdomoni mwake. Mimi nilimshikia. Na niseme kweli, ilipowashwa jioni ile, sijawahi kusikia kitu kama kile. Gitaa nene lilipita sakafuni likapanda miguuni. Vikombe vilicheza kabatini. Baba alifumba macho, na uso wake ulikuwa na raha ambayo sikuwahi kuiona.

Mama aliingia na kapu kichwani. Hakulitua. Alisimama akiutazama mtungi, kisha akasogea akauinamia, akapitisha mkono chini yake mpaka vidole vikaliona lile tundu.

"Umeutoboa," alisema.

Baba alifumbua macho akamtazama mdomo. "Eeh? Sasa unasikika, au siyo? Sasa una tumbo."

Kwa wazee wa kwao mama, chungu kinachotobolewa kitako kwa makusudi ni cha aina moja tu: kile kinachowekwa juu ya kaburi la mwenye nacho, kisitumike tena. Baba, mtu wa Handeni, hakulijua hilo, au aliwahi kuambiwa akasahau. Mama hakumweleza. Alitua kapu, akaenda kuazima ndoo kwa jirani, na kwa majuma kadhaa tulikunywa maji ya ndoo yenye ladha ya bati.

Bibi alikuja kutusalimia baada ya mavuno, na mkungu wake wa ndizi na maharage. Ilikuwa mchana, baba ametoka kazini, yuko uani anafunga nyaya, nami nimesimama kando yake. Mtu na mama mkwe wake, kwa adabu za kwao, hawatazamani usoni. Wanasemezana macho chini, kwa sauti ya chini, na mwenye kuamkia ni mume wa binti. Bibi alikuwa ameshaingia jikoni, ameshauona mchanga mtupu, na sebuleni ameuona mtungi wenye tundu. Akatoka, akasimama mbali kidogo, uso ameugeuzia ukutani.

"Mtungi niliompa mwanangu," aliuliza polepole, "umekufa lini?"

Baba alimwona ni nani, akainamisha macho haraka kama inavyopasa. Akaitikia, "Marahaba."

Sijui kama nyinyi wa mjini mnaweza kupima ukubwa wa neno lile. Mwanamume amepokea shikamoo ya mama mkwe wake, shikamoo ambayo hata hakupewa, na amepokea hivyo akiwa ameulizwa habari ya kaburi. Bibi aliingia ndani akajifunika kanga mpaka kichwani, akakataa kula chakula cha nyumba ile.

Nawaambia sasa hivi jambo ambalo mimi nililijua nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Baba alikuwa hasikii. Korona ilikuwa imekula masikio yake kidogo kidogo, tangu enzi za wazungu mpaka enzi za mali ya umma, na hakuna meneja, wa kwao wala wa kwetu, aliyempa hata pamba ya kuziba. Alisoma midomo. Muziki aliusikia kwa goti na kwa kiganja, na kila masikio yalivyozidi kufa ndivyo alivyotafuta mashine ya kukifuata kile kidogo kilichobaki. Na alificha. Kiwandani palikuwa na amri kwamba asiyesikia kengele haruhusiwi kusimama kwenye mashine, kwa sababu ile mashine ilikata mikono. Aliyegundulika alitolewa kazini na ndani ya nyumba, akaondoka na godoro lake. Tulikuwa tumemwona mmoja akiondoka hivyo. Kila nikilifikiria hili damu inachemka. Wanakuharibu, halafu wanakufukuza kwa kuharibika. Na mikutanoni wanaendelea kukwambia shamba ni lako.

Bibi alitaka kumchukua mwanawe siku ile ile. Majirani wakasihi kiitishwe kikao kwanza. Kikaitishwa Jumapili asubuhi, sebuleni kwetu, korona imezimwa. Alikuja mjomba, kaka mkubwa wa mama, kuzungumza kwa niaba ya bibi. Kutoka Handeni alikuja baba mdogo. Na alikuwapo Mzee Salehe, balozi wetu wa nyumba kumi, maana siku zile hakuna ugomvi wa mume na mke uliosuluhishwa bila balozi. Mzee Salehe huyo huyo alikuwa nyapara mkuu wa korona. Alikuwa bosi wa baba.

Mimi nilitumwa kupeleka chai ya tangawizi, kisha nikabaki nyuma ya pazia la jikoni. Mtungi ulikuwa palepale pembeni, umefunikwa kitambaa. Baba alijua anashtakiwa. Aliketi mkekani kama mtu aliye tayari kuomba radhi, mikono mapajani, macho sakafuni, mbele ya mama mkwe wake. Nilijua anataka yaishe. Asubuhi ile, kabla watu hawajafika, nilimsikia akimwambia mama, "Nitakubali yote. Wakisema nimekosa, nimekosa. Ubaki tu."

Mjomba alizungumza kama wazungumzavyo wakubwa kwenye mambo mazito, chini chini.

"Shemeji, mtungi wa mama uliutoboa wewe?"

Baba aliona kimya kimefika, akajua ni zamu yake. "Ndiyo," akasema.

"Na mama alipokuuliza, ulimwitikia marahaba?"

"Ndiyo."

Nadhani mjomba alitegemea mtu ajitetee, aseme bahati mbaya, aseme shetani. Hayo "ndiyo" makavu yalimchoma. Akauliza, sauti ikiwa imeshuka zaidi, "Basi tuelewe kwamba humtaki tena mwenzio? Unamwacha, arudi kwao?"

"Ndiyo," baba akasema, na akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Baba mdogo alishtuka mpaka kikombe kikamwagika. Mama aliinua uso. Alifungua mdomo, nilimwona vizuri sana, akamtazama Mzee Salehe aliyekuwa anapuliza chai yake, kisha akaufunga. Nilidhani ni fedheha tu. Nikamchukia baba pale pale, nyuma ya pazia. Nilimchukia kwa nguvu zangu zote za mtoto, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu: amechagua ule mtungi wa kelele, ametuacha sisi.

Baba mdogo alimkokota uani, na huko nadhani alimweleza usoni. Baba alirudi mbio. Alisimama mlangoni, ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Mama alikuwa ameanza kukunja nguo. Bibi alikuwa amesimama. Mzee Salehe bado alikuwa ameketi, anaomba sukari. Baba alituangalia mmoja mmoja, na hakusema kitu. Ningemwona anapiga mayowe ningemsamehe. Alisimama tu mpaka tukapita ubavuni mwake na mafurushi yetu.

Talaka ilikuwa moja, na moja ina njia ya kurudi. Muda wote wa eda, kule Kwashemshi, mama alifanyia kazi zake upande wa nyumba unaotazama barabara. Alipukuchua mahindi pale, alisuka ukili pale. Hakuja mtu. Eda ikaisha, mama akahamia nyuma ya nyumba. Kabla mwaka haujazunguka Mzee Salehe alimwita baba kiwandani kwa nyuma, akamwita tena, asigeuke. Wakamtoa. Alirudi Handeni na godoro lake akalima mahindi mpaka mwisho wake. Mashine ya muziki iliuzwa sijui kwa nani, na mtungi sikuambiwa ulipo wala sikuuliza.

Baba mdogo ndiye aliyenieleza, siku ya arobaini ya baba, baada ya watu kuondoka. Alikuwa amekatazwa kusema mwenye siri akiwa hai. Sikulala kwa hasira. Asubuhi nilipanda basi mpaka Korogwe, kutoka pale nikapanda milimani Kwashemshi, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama, namna ya kumweleza polepole kwamba mwanamume yule hakumwacha, kwamba hakusikia alichoulizwa. Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwamkia, nikaketi, nikamweleza yote.

Aliendelea kuchambua.

"Nilijua," alisema.

Nikamwuliza alijua nini.

"Kwamba hasikii. Nimelala naye kitanda kimoja, mwanangu. Taa ikiwaka nikimsemesha ananijibu. Nikizima, hajibu. Mtu utaacha kujua?"

"Na siku ya kikao?"

"Siku ya kikao nilijua hajasikia."

"Ukanyamaza."

"Nyapara wake alikuwa pale, anakunywa chai yangu. Ningesema mume wangu hasikii, kesho yake hana kazi, hana nyumba, na nyinyi hamna pa kurudi. Nikasema moyoni, acha nitoke mimi. Atakuja mwenyewe huku, pasipo na nyapara, aseme." Aliokota jiwe kwenye maharage akalitupa. "Nikamsubiri aseme. Naye nadhani alisubiri niseme mimi."

Hapo nilisimama. Sikuwahi kumpandishia mama sauti na sijarudia tena, lakini siku ile nilipiga kelele mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia. Nilipiga kelele kwamba kazi yenyewe haikudumu hata mwaka, kwamba walimtupa vilevile, kwamba yeye na baba wameishi kila mmoja upande wake kwa ajili ya mashine isiyokuwa yao, na kwamba neno moja tu lingetosha, moja, hata mlangoni tulipokuwa tunatoka.

Mama aliweka ungo chini. Alinishika mkono akanivuta nikae.

"Punguza sauti," akasema. "Mimi nasikia."